Shukrani Katika Nchi ya Mvua

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kum. 8:7–18, Kum. 11:10–12, Mat. 6:25–34, Luka 17:11–19, Law. 7:11–16, 1 Thes. 5:16–18, Zab. 13, 2 Kor. 1:8–11, Hab. 3:16–19.

Fungu la kukariri: Wafilipi 4:6. Darasa lilisome kwa pamoja kutoka katika Biblia, kisha mmoja aeleze kwa nini Paulo anaweka shukrani pamoja na maombi, kabla jibu halijaja.

Anayeshika barabara kutoka Uyole kwenda Tukuyu huiona nchi ikibadilika njiani. Kwanza ni viazi katika miteremko ya Isongole, ambako baridi humfanya abiria afunge dirisha. Kisha Kiwira na migomba yake, akina mama wakiwa kando ya barabara na mikungu ya ndizi na ndoo za parachichi. Halafu Katumba, na chai iliyotandazwa juu ya vilima. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, mara nyingi hauonekani kwa sababu ya mawingu. Wenyeji hawashangai. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na wilaya hiyo ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi kuliko zote.

Kwa Kinyakyusa asante ni ndaga, na aliyeguswa zaidi husema ndaga fijo. Mungu ni Kyala, jina ambalo Wakristo wa Rungwe wamemwitia tangu Wamoravian na Walutheri wa Berlin walipoleta Injili huko mwaka 1891. Kwa hiyo katika nchi hiyo sala nzima inaweza kuwa ya maneno mawili tu: ndaga Kyala.

Kuyatamka ni rahisi. Juma hili linauliza yanapatwa na nini maneno hayo mawili pale mvua inapokuwa jambo la kawaida hata hakuna anayeiona, na pale mvua hiyohiyo inapokata barabara na chai iliyochumwa ikaharibika kabla ya kufika kiwandani. Je, mtu anaweza kushukuru bila kusahau, na pia bila kusema uongo?

JUMAPILI
Kula, Kushiba, na Kisha?

Soma Kumbukumbu la Torati 11:10–12. Musa anaitofautishaje Misri na Kanaani?

____________________________________________

Huko Misri Waisraeli walikijua kilimo cha mto Nile: mifereji, matuta, maji yanayoelekezwa shambani kwa nguvu za mtu. Mkulima wa namna hiyo huamka asubuhi akijua maji yako wapi. Kanaani haikuwa hivyo. Ilikuwa na vilima na mabonde, na mashamba yaliyosubiri mvua. Musa haitaji hali hiyo kama kasoro ya nchi. Anaitaja kama upendeleo, kwa sababu ni nchi ambayo macho ya Mungu yako juu yake tangu mwanzo wa mwaka hata mwisho wake. Aliyepanda huko hana budi kutazama juu.

Rungwe ni nchi ya namna hiyo. Chai, migomba na mahindi ya Masoko na Kandete hunywa kutoka mbinguni. Lakini mvua isiyokosa ina mtego wake. Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, tone la kwanza la Desemba huwatoa watu nje ya nyumba. Tukuyu swali la kawaida ni lini itakoma, ili mahindi yakauke na sare za watoto zikauke. Ni vigumu kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho umekuwa ukikilalamikia tangu Novemba.

Sasa soma Kumbukumbu la Torati 8:7–18 polepole, ukilinganisha fungu la 10 na mafungu ya 12 hadi 14. Yote mawili yanaanza kwa hatua zilezile: watu wanakula, wanashiba. Kuanzia hapo njia zinaachana. Katika fungu la 10 aliyeshiba anamhimidi Mungu kwa ajili ya nchi njema. Katika la 12 na kuendelea aliyeshiba anajenga nyumba, mifugo yake inaongezeka, moyo unainuka, na mwisho wake ni kumsahau aliyemtoa utumwani. Chakula ni kilekile na shibe ni ileile. Hakuna dhambi ya wazi inayotajwa hapo katikati, hakuna sanamu wala wizi. Kuna mafanikio tu, na kumbukumbu inayofifia.

Wayahudi, kwa kuliegemea fungu la 10, hadi leo husali baada ya chakula. Wakristo wengi husali kabla tu, sahani ikiwa bado inafuka moshi na tumbo likiwa na njaa. Kumkumbuka Mungu ukiwa na njaa si kazi kubwa. Musa alihangaikia zaidi sala ya mtu anayefuta mikono.

Fungu la 17 linataja sauti inayosemwa moyoni, si kinywani: kwamba utajiri huu umeletwa na nguvu za mikono yangu. Sauti hiyo huwa na ukweli nusu. Mkulima wa Rungwe amepanda, amepalilia, ameamka alfajiri kwenye umande. Musa habishi kwamba mtu amefanya kazi. Fungu la 18 linauliza nguvu za kufanya kazi zilitoka wapi.

Taja kitu kimoja katika maisha yako ambacho kimekuwa cha hakika kiasi kwamba hujakishukuru mwaka huu. Kingekoma kesho, ungekiombaje?

JUMATATU
Aliyelishwa Kabla ya Kujulikana

Mwaka 2005 watafiti walitangaza aina ya kima ambaye vitabu vya sayansi vilikuwa havijawahi kumtaja. Aliishi katika msitu wa Mlima Rungwe na msitu jirani wa Livingstone, juu kwenye baridi, akiwa na manyoya marefu na sauti ya ajabu. Mwaka uliofuata wanasayansi wakampa kundi lake peke yake, wakaliita kwa jina la mlima. Wawindaji wa vijijini hawakuona jipya. Walikuwa wakimwita kipunji, na ni maneno yao ndiyo yaliyowafanya watafiti waingie msituni kumtafuta.

Soma Mathayo 6:25–34. Yesu anawaelekeza wanafunzi kwa ndege wa angani, ambao si wa mtu yeyote. Kuku angekuwa mfano rahisi zaidi kwa watu wa vijijini, lakini kuku ana mwenyewe anayemmwagia mahindi. Ndege wa mwitu hana jina kwenye daftari la mtu, wala hakuna atakayeulizwa akifa. Hao ndio Baba anaowalisha. Kipunji naye alikula siku zote hizo, akazaa, akakimbia chui na tai, na hapakuwa na kitabu kilichojua kwamba yupo.

Hilo linagusa mahali nyeti. Kuna washiriki ambao hofu yao kubwa si njaa, bali kutojulikana: mjane ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya msaada, kijana ambaye barua zake za kuomba kazi hazijajibiwa, mzee ambaye watoto wake wa Dar es Salaam hawapigi simu. Kumtumaini Mungu, kwa watu hao, ni kuamini kwamba orodha ya wanadamu si orodha pekee iliyopo.

Jambo moja lisemwe, maana fungu hili limetumiwa vibaya. Ndege huamka mapema na kutafuta. Kipunji hushinda akitafuta majani na matunda. Yesu hakemei kupanga, hakemei kuweka akiba ya mbolea wala kuuliza bei. Anakemea mahangaiko yanayoila leo kwa ajili ya kesho. Mkulima anayehesabu gharama za msimu ujao hajapungukiwa na imani.

JUMANNE
Wale Tisa Walitii

Soma Luka 17:11–19. Yesu aliwaagiza wale kumi wafanye nini? Walipona wakiwa wapi?

____________________________________________

Hadithi hii husomwa kwa haraka, na wale tisa huhukumiwa kwa haraka pia. Mithali ya Kiswahili iko tayari mdomoni: shukrani ya punda ni mateke. Lakini hao tisa hawakupiga mateke. Waliomba rehema. Waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, na wakaenda wakiwa bado na ukoma. Hiyo ni imani kubwa. Mtu anaanza safari ya kwenda kukaguliwa na huku ngozi yake ingali inamshitaki. Walipona njiani, wakaendelea na safari kama walivyoagizwa, na kama Mambo ya Walawi 14 inavyotaka. Kwa kipimo cha utii, hawakukosea hatua hata moja.

Hapo ndipo fungu linapoanza kuwahusu watu wa kanisani. Inawezekana kumtii Mungu katika kila agizo na usirudi kwake kamwe. Zaka imerudishwa, Sabato imetunzwa, vyakula najisi havijaliwa, lesoni imesomwa siku zote saba. Makuhani wameridhika. Na katika yote hayo mtu hajageuka hata mara moja kuelekea kwa aliyemponya, akapaza sauti.

Aliyerudi alikuwa Msamaria. Labda alikuwa na sababu ya kusita kwenda kwa makuhani wa Wayahudi. Labda, kwa kuwa alijua hakustahili chochote kwa Myahudi, aliuona uponyaji kama zawadi, na wenzake wakauona kama haki iliyochelewa. Luka haelezi. Anaeleza tu kwamba alipoona amepona, alirudi. Kuona kulitangulia. Wote kumi walikuwa na ngozi mpya, na mmoja aliitazama.

Ona pia kile ambacho Yesu hakufanya. Aliuliza tisa wako wapi, na swali hilo lina maumivu ndani yake. Lakini hakuurudisha ukoma wao. Neema yake haikuwa mkopo unaodaiwa kwa shukrani. Wale tisa walikwenda nyumbani wakakumbatia watoto wao, na Yesu aliwaachia furaha hiyo.

Je, kuna tofauti gani kati ya kutimiza wajibu kwa Mungu na kurudi kwake?

JUMATANO
Nyama Isiyolala

Soma Mambo ya Walawi 7:11–16. Nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa lini? Ile ya nadhiri je?

____________________________________________

Kati ya sadaka zote za hema ya kukutania, sadaka ya shukrani ilikuwa na sharti moja la ajabu. Mwenye kushukuru alileta mnyama, pamoja na mikate ya aina kadhaa, isiyotiwa chachu na iliyotiwa chachu. Mafuta ya mnyama yaliteketezwa kwa Bwana, kidari na paja la kulia vikawa vya makuhani, na nyama iliyobaki ikarudi kwa mwenyewe. Lakini ilipaswa kuliwa siku hiyohiyo. Nyama ya nadhiri ingeweza kubaki mpaka kesho yake. Nyama ya shukrani haikulala.

Fikiri hesabu yake. Mtu ameponywa homa, au mwanawe amerudi salama kutoka vitani. Ameleta kondoo mzima, au ng'ombe. Ana mikate chungu nzima. Kabla ya asubuhi lazima vyote viwe vimekwisha. Yeye, mke na watoto hawawezi kumaliza. Hana njia nyingine ila kuita watu, na wakiisha kukaa, mtu atauliza tu: mwenzetu, leo kuna nini? Hapo ushuhuda unatoka wenyewe, pamoja na nyama. Torati haikumwamuru mtu asimulie alichotendewa. Ilimwekea nyama nyingi na muda mfupi.

Neno la Kiebrania kwa sadaka hiyo, toda, linatokana na kitenzi chenye maana ya kukiri na kusifu. Kushukuru, kwa Mwebrania, kulikuwa kukiri mbele ya watu. Shukrani ya kimoyomoyo haikuwa na jina.

Watu wa Rungwe wana njia fupi ya kulielewa jambo hili. Monica Wilson, mtaalamu wa mila kutoka Afrika Kusini, aliyeishi na mumewe kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliona jinsi walivyothamini kitu walichokiita ukwangala: raha ya kuwa pamoja na wenzako, kula nao, kuzungumza nao, kutokuwa mtu wa kujificha na sahani yake. Kitabu alichokichapisha mwaka 1951 alikiita Good Company, yaani ushirika mwema, kwa sababu ya jambo hilo. Pombe ilikuwa na nafasi yake katika ukwangala wa zamani, na Mwadventista ataiacha hapo. Lakini mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama au maziwa katika sufuria isiyotosha watu watatu tu, iko karibu sana na Walawi 7. Bahasha ya shukrani inayoingizwa kimya katika kapu la sadaka ni njema. Inakosa tu kitu kimoja ambacho toda ilikuwa nacho, nacho ni jirani aliyeshiba.

Kuna jambo jingine hapa. Juu ya mto Kiwira, wilayani humo, kuna daraja la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Watu waliliangalia wakaliita Daraja la Mungu, na walifanya vyema. Lakini madaraja mengine yote ya Rungwe, yale ya zege na ya mbao, hakuna anayeyaita hivyo. Mazoea ya kibinadamu ni kumshukuru Mungu kwa kile tu ambacho hakikupitia mkononi mwa mtu. Mtoto akipona bila dawa, ni Mungu. Akipona kwa dawa, ni daktari, na huenda daktari naye asishukuriwe. Paulo hakuwa hivyo. Katika Wafilipi 4:10–19 anamfurahia Bwana kwa msaada ulioletwa na Epafrodito kutoka kwa watu aliowajua, na anawasifu kwa wazi. Hakuona kwamba kumshukuru mtu kunampunguzia Mungu.

Katika kanisa lenu, nani hushukuriwa na nani hasahauliki tu pale anapokosekana? Fikirini anayefagia, anayechota maji ya ubatizo, anayepiga kengele.

ALHAMISI
“Kwa” na “Katika”

Soma 1 Wathesalonike 5:16–18. Katika Biblia ya Kiswahili, shukrani inayoagizwa katika fungu la 18 imeunganishwa na kila jambo kwa neno dogo “kwa”. Msomaji wa Kiswahili anaposikia kushukuru kwa jambo, huelewa kwamba jambo hilo ndilo linaloshukuriwa: asante kwa chakula, asante kwa msaada. Kumbe neno la Kigiriki alilotumia Paulo hapo ni en, yaani “katika”. Anawaagiza Wathesalonike washukuru wakiwa ndani ya kila hali. Hakuwaambia wamshukuru Mungu kwa sababu ya mateso waliyotendewa na watu wa mji wao.

Mwanafunzi makini atataja Waefeso 5:20, ambapo Kigiriki chenyewe kinasema kwa ajili ya mambo yote, na anastahili kujibiwa. Paulo yuleyule aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe (2 Kor. 12:7–9). Alishukuru kwa mambo yote kwa sababu aliyaona yote yakiwa mikononi mwa Mungu anayeyageuza yafae; hakusema kwamba uovu ni mwema. Mtu asiyeiona tofauti hiyo atafika msibani na kumwambia mama aliyefiwa ashukuru kwa kifo. Yesu, kaburini kwa Lazaro, alilia kwanza. Alimshukuru Baba pia, papo hapo, jiwe likiwa limeondolewa na mfu akiwa bado hajatoka (Yohana 11:35, 41).

Chukua mfano wa nyumba moja ya wakulima wa chai. Ni Aprili, mvua kila siku, chai inachipua kwa wingi. Siku ya Alhamisi baba, mama na watoto wawili wamechuma tangu asubuhi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Majani yamefikishwa kwenye banda la kupimia. Lori halikuja, limekwama kwenye tope huko chini. Majani mabichi ya chai hayasubiri. Yakirundikana yanapata joto, yanabadilika rangi na kuwa mekundu, na kiwandani hayapokelewi. Ijumaa mchana, wakati wa maandalio, familia hiyo inayamwaga. Fedha hiyo ilikuwa ya sare na michango ya shule.

Sabato asubuhi, kiongozi anauliza nani ana shukrani. Anasimama aliyeuza parachichi kwa bei nzuri. Anasimama ambaye mtoto wake amefaulu. Kanisa linasema amina. Baba wa majani mekundu ameketi. Afanye nini? Akisimama na kusema Mungu ni mwema, bila zaidi, atakuwa amesema kweli nusu, na atarudi nyumbani akijisikia mwongo. Akikaa kimya, atajifunza taratibu kwamba ibada ni mahali pa wale ambao lori lao lilifika.

Soma Zaburi 13. Daudi anauliza mara ngapi “hata lini”? Zaburi inaishaje?

____________________________________________

Mara nne anauliza. Mafungu sita tu, na mawili ya kwanza ni malalamiko matupu, tena mbele za Mungu mwenyewe. Katika mafungu ya 5 na 6 anatumaini na kuimba. Hakuna fungu lolote kati yake linalosema adui ameondoka. Aliyeimba na aliyelalamika ni mtu mmoja, siku moja, na kilio chake kiliingizwa katika kitabu cha nyimbo za ibada. Huenda hiyo ndiyo zawadi kubwa ya Zaburi kwa kanisa: zinampa aliyeketi maneno ya kusimama nayo.

Kisha soma 2 Wakorintho 1:8–11. Paulo anasema hataki ndugu wasijue dhiki iliyompata Asia, jinsi alivyolemewa hata kukata tamaa ya kuishi. Mtume anakiri hivyo kwa waraka, usomwe mbele ya kanisa lenye watu waliomdharau. Fungu la 11 linaeleza faida yake. Kwa kuwa wamejua, wataomba. Kwa kuwa wengi wameomba, wengi watashukuru. Mlolongo huo unaanza na dhiki iliyosemwa. Ingefichwa, maombi yasingekuwepo, na shukrani ya wengi isingezaliwa.

Kwa hiyo baba yule angeweza kusimama na kusema: juma hili tumemwaga majani yetu yote, mtoto hana sare, nami nimekuja kwa Bwana kwa sababu sijui pengine pa kwenda, niombeeni. Huo ni ushuhuda. Mungu hajadanganywa, na kanisa limepewa kazi ya kufanya kabla ya Jumatatu.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Habakuki 3:16–19, ukianza na fungu la 16 ambalo mara nyingi hurukwa. Nabii anatetemeka mwili mzima kwa habari za jeshi linalokuja. Hajapata ujasiri wa kutohisi kitu. Kisha katika fungu la 17 anavitaja vitu sita vinavyoweza kukosekana, kuanzia mti wa matunda hadi zizi la ng'ombe. Ni orodha ya mkulima, na si ya anasa. Kila kimoja ni chakula au kazi. Katika darasa, kila mmoja aandike orodha yake ya vitu sita kwa uaminifu. Huko Rungwe huenda ikawa migomba, chai, viazi, parachichi, ng'ombe wa maziwa, na barabara inayopitika. Asiyekuwa mkulima aandike mshahara, afya, simu ya mtoto. Msiisome kwa sauti mpaka wote wawe wamemaliza.

Furaha ya fungu la 18 haina kitu hata kimoja kutoka katika orodha hiyo cha kuishikilia. Imebaki na Mungu mwenyewe, aliye wokovu. Tena kitabu hicho kilianza na malalamiko (1:2–4), na mstari wake wa mwisho unamkabidhi mwimbishaji wimbo huo pamoja na vinanda. Kwa hiyo haukuwa sala ya siri ya nabii. Uliandaliwa uimbwe na watu wengi kwa pamoja, wakiwemo ambao mazizi yao yalikuwa matupu.

Ellen White, katika sura ya mwisho ya Steps to Christ, kitabu kilichotoka mwaka 1892, anasimulia ndoto aliyoiota mwenyewe, akichuma maua bustanini akiongozwa njiani, na kando yake akitembea dada mmoja. Dada huyo aliomboleza kwa sababu ya miiba iliyozuia njia yake, na aliyewaongoza akasema miiba iachwe, yachumwe maua. Wengine huisoma kama agizo la kufumba macho. Lakini katika ndoto hiyo hakuna anayesema miiba haipo. Ipo, inachoma, na mwenye bustani anajua iko wapi.

Maswali ya kujadili

1. Linganisheni Kumbukumbu la Torati 8:10 na 8:12–14 tena. Familia inawezaje kuweka desturi ndogo ya kumkumbuka Mungu baada ya kushiba, wala si kabla ya kula tu? Tajeni jambo ambalo nyumba ya kawaida inaweza kulianza juma lijalo.

2. Mtu anatoa sadaka kubwa ya shukrani baada ya mavuno. Inajulikana kwamba alinunua viazi kwa wakulima kwa lumbesa, gunia lililofungwa kilemba juu ya kipimo halali, na kulipa bei ya gunia moja. Someni Amosi 5:21–24 na Mithali 11:1. Kanisa limwambie nini, na nani amwambie?

3. Mshiriki mpya anasema: “Nilifundishwa kwamba nikitoa shukrani kabla ya kupokea, Mungu atalazimika kunipa.” Mnawezaje kumwonyesha tofauti kati ya mafundisho hayo na Wafilipi 4:6, bila kumvunja moyo wa kushukuru?

4. Fikirieni kipindi cha ushuhuda katika kanisa lenu. Katika miezi mitatu iliyopita, ni nani hajasimama hata mara moja? Je, yuko mtu wa darasa hili anayeweza kumtembelea kabla ya Sabato ijayo, si kumtaka atoe ushuhuda, bali kumsikiliza?